Sukari Iliyokufa kwa Moto

Don Crisanto Benegas alikuwa amechinja ng'ombe wa Potrero Guasu kwa muda mrefu kiasi kwamba hata baada ya kustaafu, ng'ombe waliopita mbele ya nyumba yake wakienda malishoni waliongeza mwendo. Alikuwa na mikono mipana kama majembe. Hakuwahi kumwogopa fahali, wala kisu, wala marehemu mkewe, ingawa huyo wa tatu alistahili kuogopwa. Chini ya jua kulikuwa na kitu kimoja tu kilichomtoa jasho, nacho kilikuwa sindano.

Isisemwe kwamba alikuwa mwoga wa maumivu. Hoja yake ilikuwa ya kihistoria. Kaka yake, Don Fulgencio, aliugua kisukari, akaanzishiwa sindano, na haikupita miaka mingi akakatwa mguu. Watu wa kituo cha afya walimweleza Don Crisanto mara nyingi kwamba mguu ulikatwa kwa sababu ya kidonda ambacho Fulgencio alikificha ndani ya kiatu mpaka kikaoza, na kwamba sindano haikuwa na hatia yoyote. Don Crisanto aliwasikiliza kwa heshima zote. Kisha akapiga hesabu kwa njia yake: kwanza ilikuja sindano, halafu ukaenda mguu. Kwenye bucha alikuwa amejifunza kwamba kisu kidogo hutangulia na shoka hufuata.

Kwa hiyo Licenciada Noelia Villalba, muuguzi wa kituo, alipomwita chumbani na kufunga mlango, mzee alijua kwamba kisu kidogo kimefika. Noelia alimwambia kwa upole kwamba vidonge peke yake havijaishusha sukari. Angesubiri kipimo kikubwa, kile cha baada ya sikukuu ya San Juan. Kama jibu litakuwa kama la sasa, wataanza sindano, kila siku, tumboni.

"Tumboni," akarudia Don Crisanto, kama mtu anayesomewa hukumu.

"Ni nyembamba sana, Don Crisanto. Hata hutaisikia."

"Fulgencio naye hakuisikia," akasema, akachukua kofia yake na kutoka.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya mbele ya kanisa, alikokaa Ña Saturnina Cabral na dawa zake za majani. Ña Saturnina alikuwa na kinu cha mti, beseni la maji ya barafu, mafungu ya majani juu ya gunia lililoloweshwa, na ulimi ambao watu walisema ungeweza kusaga mizizi bila msaada wa mchi. Alikuwa pia komadre wa Don Crisanto, maana ndiye aliyembeba binti wa mzee siku ya ubatizo. Tangu siku hiyo alijiona ana haki ya kidini ya kumkemea popote atakapomkuta.

Alimwamuru atoe ulimi hadharani, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri basi. Akautazama juu na chini, akaguna. Akamvuta kope. Halafu akamuuliza, bila kupunguza sauti, kama sisimizi hukusanyika pale anapokojoa.

"Komadre, watu wanasikia."

"Sisimizi hawajali watu. Wanakuja au hawaji?"

Don Crisanto alikiri kwa kuinamisha kichwa kwamba wanakuja, na tena kwa wingi. Watu wa basi walitazama mbali, kwa adabu ile ambayo haimzuii mtu kusikia kila neno.

Ña Saturnina hakukurupuka. Alipitisha mkono juu ya mafungu kama mpiga kinubi anayetafuta uzi. Majani ya mkia wa farasi aliyaruka, kwa sababu hayo humfanya mtu akojoe, na huyu mzee tayari alikuwa anakojoa kama mto. Mkono wake ukatua kwenye jani pana lililopasuka katikati, mfano wa ukwato.

"Ukwato wa ng'ombe," akatangaza. "Umezikata kwato zao maisha yako yote, kompadre. Sasa zinakuja kukusimamisha wima."

Kituo kizima cha basi kilicheka, na Don Crisanto naye akacheka, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo. Mama huyo akamwongezea jani la chui, ambalo lina mabawa badala ya majani na uchungu wa kumfanya mtu akumbuke madeni ya babu yake. Akampa masharti. Ukwato uwekwe kwenye mate, yaani majani ya yerba yanayonywewa kwa maji ya moto alfajiri. Jani la chui lipondwe, lisichemshwe, liwekwe kwenye tereré ya mchana, yaani yerba hiyo hiyo kwa maji baridi, kiasi cha kushikwa na vidole vitatu, maana dawa yenye nguvu ya kumwinua mtu ina nguvu ya kumwangusha pia. Vidonge vya kituo asiviache. Yeye na vidonge hawagombani, kila mmoja ana kona yake. Na sukari, hata chembe asiiguse.

"Na cocido?" akauliza Don Crisanto, kwa sauti ya mtu anayeulizia mtoto aliyelazwa.

Ña Saturnina alidhani anatania. "Cocido ina neno gani? Si imechomwa?"

Hapo hapakuwa na cha kujadili. Kila asubuhi katika nyumba zote za Potrero Guasu, mtu huweka yerba kwenye kikaango cha chuma, akamwagia sukari juu yake, akachukua kaa la moto kwa koleo na kuliviringisha humo. Sukari hulia, huyeyuka, huwa nyeusi, na moshi wake mtamu hupanda hadi kwenye vigae. Ndipo hutiwa maji yanayochemka, ikachujwa, ikanywewa kwa chipa, mkate wa jibini. Na kila mtu anajua kwamba sukari iliyopita motoni si sukari tena, imekufa. Hakuna aliyejua fundisho hilo lilitoka wapi, lakini lilishikwa kwa uthabiti kuliko mengi yanayofundishwa kanisani. Wenye kikohozi walipewa cocido. Waliojifungua walipewa cocido. Wenye kisukari walipewa hiyo hiyo, kwa kusikitikiwa, kama kitu pekee kilichobaki kwao katika raha za dunia.

Don Crisanto alikuwa na sababu nyingine, ambayo hakuisema kwenye kona. Cocido ndicho kitu pekee alichojua kupika. Alifundishwa na mkewe, Ña Eulogia, wakati wa baridi yake ya mwisho, yeye akiwa amefunikwa blanketi kwenye kiti cha ngozi na kutoa amri kama jenerali. Mara ya kwanza mzee aliunguza yerba yote. Mara ya pili aliangusha kaa ndani ya kiatu chake. Eulogia alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Alipofariki, mume alirithi kikaango, na kila asubuhi aliviringisha kaa humo. Kwa muda ule mfupi wa moshi, jiko lilinukia kama lina watu wawili.

Basi mzee akashika masharti kwa uaminifu wa mtawa. Bakuli la sukari nyeupe alilipeleka kwa jirani, akibakiza kifuko kidogo tu kwa ajili ya kuchoma. Alikunywa ukwato alfajiri. Mchana alinyonya jani la chui kwenye mrija wa chuma, akikunja uso kiasi kwamba wapita njia walimpa pole ya msiba. Aliyaacha maandazi, akaiacha jamu ya mapera, akamrudishia bintiye keki ya siku ya kuzaliwa aliyotumiwa kwa basi, ikiwa haijakatwa. Mwezi ulipokwisha alikwenda kituoni, akageuza uso ukutani na kuimba polka kwa pua wakati Noelia akimtoboa kidole, kisha akasubiri sifa zake.

Sukari ilikuwa pale pale. Noelia alimuuliza kama anatumia sukari, akajibu hata chembe, naye akaandika hivyo. Mwezi uliofuata ikawa imepanda kidogo.

Habari mbaya ina miguu myepesi, na katika Potrero Guasu haihitaji hata kuvaa viatu. Kabla ya misa ya Jumapili mji ulikuwa umeunda, bila kikao, tume ya uchunguzi. Jirani mmoja alitoa ushahidi kwamba alimwona mzee amesimama mbele ya duka la mikate kwa muda usio wa kawaida. Mwingine alidai kwamba mashavu yake yana mng'ao wa mtu anayelamba asali kwa siri. Wengine walielekeza macho upande wa pili, kwenye gunia la Ña Saturnina, wakaanza kuuliza kama ukwato huo ulichumwa msituni au nyuma ya kituo cha mafuta. Mteja wake wa figo, mtu aliyekuwa akinunua kwake tangu zamani, alinusa fungu la majani ya parapara'i mbele yake kabla ya kulipokea. Jioni hiyo Ña Saturnina alifunga gunia mapema, akaenda kwa kompadre wake akiwa na mchi mkononi.

Ugomvi ulisikika mpaka barabarani. Alimwambia kwamba majani yake yameponya watu kabla yeye Crisanto hajaota meno ya kunolea kisu, na kwamba mtu akinywa dawa huku anakula jamu gizani, aseme wazi ili jina la mwenzake lisikanyagwe. Mzee alijitetea mpaka maneno yakamwishia. Mwishowe alivua kofia.

"Naapa kwa San Blas, komadre. Naapa kwa koo langu."

Ña Saturnina akashusha mchi. San Blas ndiye mlinzi wa makoo, na hapakuwa na mtu katika mji ule, hata mwizi wa kuku, ambaye angethubutu kuapa kwa koo lake kwa uongo, hasa majira ya baridi. Alikaa kwenye ukingo wa kibaraza, mchi ukiwa mapajani.

"Basi kuna mdudu," akasema. "Nami nitakuja kumtafuta mwenyewe. Jumamosi nitakaa hapa tangu unapofumbua macho, na Noelia aje na kile kimashine chake."

Noelia alikubali bila kubembelezwa. Alikuwa amekulia nyumba chache kutoka hapo, na jambo hilo lilikuwa linamnyima raha hata yeye. Alikwisha kuongeza vidonge, alikwisha kubadilisha vidonge, na kila alipoyatazama majibu ya mzee huyu alihisi kama mtu anayejaza pipa lenye tundu.

Jumamosi kulipambazuka na upepo wa kusini, ule unaopenya kwenye mshono wa koti. Don Crisanto aliwapokea akiwa amevaa poncho na uso wa mtu anayepelekwa mahakamani akijua kwamba hana kosa. Hakuwa ametia kitu mdomoni isipokuwa kinywaji cha ukwato, ambacho Ña Saturnina alimsimamia mpaka tone la mwisho. Akageukia ukuta, akaanza polka yake. Noelia akamtoboa, akasubiri, akainua kimashine karibu na dirisha.

Ilikuwa nzuri. Haikuwa ya kujivunia mjini Asunción, lakini kwa Don Crisanto ilikuwa nzuri kuliko zote tangu augue.

"Ukwato umesimama," akasema Ña Saturnina kwa utulivu wa askofu. Halafu, ili mashine isiseme kwamba imependelea, akatoa kidole chake mwenyewe kitobolewe. Kipimo chake kikawa sawa kabisa kama cha msichana, jambo ambalo alilitangaza kwenye kona wiki nzima iliyofuata.

Mzee alihisi miguu yake yote miwili chini yake, imara, mali yake halali. Ushindi kama huo hauwezi kupita mkavu. Akachochea jiko, akatandika yerba kwenye kikaango, akamwagia sukari vijiko vinne vilivyojaa, akaviringisha kaa kwa ustadi ambao sasa ulikuwa wa bwana kabisa. Moshi ukapanda. Noelia alikuwa ameleta chipa, lakini akamkataza mgonjwa asiiguse kwa sababu ya unga wake, naye akaridhika na kipande cha jibini. Wakaketi watatu, wakashika vikombe kwa mikono miwili. Noelia aliongeza cha pili. Walizungumza habari za mvua, za padri mpya anayeogopa mbwa, za binti wa Don Crisanto aliyeko Buenos Aires na ambaye bado alikuwa amenuna kwa sababu ya keki.

Jua lilipopita juu ya mchungwa wa uani, Ña Saturnina, akiwa amelewa sifa, aliomba mzee atobolewe tena. Alitaka kuwaambia wale wa kwenye kona kwamba mashine imekiri mara mbili. Noelia hakuona ubaya. Don Crisanto akarudia polka.

Safari hii sukari ilikuwa imeruka kama chura aliyekanyagwa.

Noelia alikitikisa kimashine. Alibadilisha kijikaratasi cha kupimia. Alimtaka mzee anawe mikono kwa sabuni, akamtoboa kidole kingine, na chura akabaki kule kule juu. Ña Saturnina aliinua kipande cha jibini kilichobaki, akakinusa pande zote, akakiweka chini.

"Jibini haifanyi hivi," akasema Noelia. "Umekula nini kingine?"

"Nile nini? Si mmekaa mbele yangu macho yamewatoka kama bundi?"

Noelia alizungusha macho mezani: jibini, chipa ambayo mzee hakuigusa, vikombe. Macho yakatambaa hadi jikoni, yakasimama kwenye kikaango.

"Mle mna sukari," akasema polepole.

"Imekufa," wakajibu Don Crisanto na Ña Saturnina kwa pamoja, kama wanaoitikia misa.

Noelia alifungua mdomo ili awasahihishe, akaukuta mtupu. Chuoni alijifunza moto unaifanya nini sukari. Aliulizwa swali hilo kwenye mtihani, akalijibu vizuri, akapigiwa alama ya vema. Na kila mwisho wa juma alirudi kwa mama yake, akanywa cocido, akamsikia mama akisema kwamba hii haina neno, imechomwa. Elimu hizo mbili zilikuwa zimeishi kichwani mwake kama majirani wa ukuta mmoja ambao hawajawahi kusalimiana. Mwezi baada ya mwezi alikuwa amemuuliza mzee kama anatumia sukari, akaandika hapana, huku poncho ya mzee ikinukia moshi wa cocido mbele ya pua yake.

"Na mimi pia," akasema hatimaye, na wao hawakuelewa ana maana gani.

Ña Saturnina aliinuka. Mambo ya majani na mizizi yeye huyamaliza kwa ulimi, na hili hakuliona tofauti. Kwa ukucha alibandua kipande cheusi kilichoganda ukingoni mwa kikaango, akakiweka mdomoni, akafumba macho.

"Chungu," akatoa ripoti.

Wakasubiri. Uso wake ulikuwa mtulivu, halafu ukaanza kubadilika kidogo kidogo, kama wa mtu aliyesikia hatua za miguu ndani ya nyumba aliyoifunga mwenyewe.

"Halafu?" akauliza Don Crisanto.

"Halafu tamu." Alikigeuza kipande upande wa pili wa shavu. "Kompadre, kama amekufa, ni nani huyu anayeimba ulimini mwangu?"

Noelia akaeleza, kwa maneno ya kawaida na bila kuinua uso sana, kwamba moto huigeuza sukari kidogo kuwa uchungu na rangi, lakini iliyobaki, na ndiyo nyingi, hubaki sukari ile ile. Imechomwa nguo tu. Hakuweza kusema ni kiasi gani kilifanywa na ukwato na ni kiasi gani kilifanywa na vidonge. Kwa hilo angehitaji watu wengi na muda mrefu. Alichokiona ni kwamba usiku kucha dawa zilikuwa zikivuta kamba upande mmoja, na asubuhi vijiko vinne vikashika upande wa pili na kuziburuta mpaka mtoni.

"Ni mimi niliyemwambia anywe," akasema Ña Saturnina. Alisema kwa sauti ambayo kwenye kona hawajapata kuisikia.

Don Crisanto hakuwa anamlaumu mtu. Alikuwa anakitazama kikaango, na baada yake kiti cha ngozi, na baada ya kiti akautazama mguu wake wa kulia.

"Kwa hiyo ni kuiacha hii au sindano," akasema.

"Ni kuiacha, halafu tuone," akasema Noelia.

Wale wanawake wawili hawakumwacha hivi hivi. Siku iliyofuata Ña Saturnina alileta ka'a he'ẽ, jani tamu, ambalo huota vilimani huko kaskazini na lina utamu wa kushinda muwa lakini haliinui sukari ya mtu. Wazo lake lilikuwa zuri sana. Walilichanganya na yerba kikaangoni, mzee akaviringisha kaa, na jani likawaka moto moja kwa moja. Jiko likajaa moshi wa godoro. Mzee alikunywa kikombe kizima kwa ajili ya heshima.

"Ikoje?" akauliza komadre.

"Inafanana na cocido kama mimi ninavyofanana na Bikira."

Kisha akakiosha kikaango, akakikausha, akakitundika ukutani kikiwa kimeipa nyumba mgongo.

Ilibaki miezi kabla ya kipimo, nayo haikuwa miezi ya maumivu, ila ya ukimya. Mzee aliamka, akanywa ukwato wake, akakuta mikono haina kazi. Alifagia uani palipokwisha kufagiliwa. Alinoa visu ambavyo havikuwa na nyama ya kukata. Jiko halikunukia kitu, na jambo hilo lilimshangaza kila asubuhi upya, kama ngazi iliyopungua hatua moja. Siku moja alifika mahali pa kufanya hesabu ya kutisha: je, mtu akikubali sindano, hawezi kurudishiwa cocido yake? Alikwenda kituoni kuuliza, yeye mwenyewe, kwa miguu yake. Noelia alimtazama kwa muda, maana alijua neno hilo limemgharimu nini. Akamjibu kwamba sindano si kibali. Mzee akashukuru, akarudi nyumbani akiwa amefarijika na kuhuzunika kwa pamoja.

San Juan ikafika, na makaa yakatandazwa mbele ya kanisa ili watu wayavuke pekupeku kama ilivyo desturi. Kila mwaka Don Crisanto alikuwa wa kwanza. Mwaka huu Noelia alikuwa amemkataza, kwa kuwa mguu wa mwenye sukari haupigi kelele unapoungua. Alisimama pembeni na viatu vyake, akiwashikia wenzake vyao. Hakuna aliyemdhihaki, na hilo lilimuudhi zaidi.

Kisha akatolewa damu, safari hii kwa bomba zima, polka mbili mfululizo. Jibu lilikwenda mjini, likarudi baada ya juma. Noelia alilifungua mbele yake. Alisoma juu, akasoma chini, akarudi juu.

"Licenciada, hata ng'ombe humalizwa kwa haraka."

"Imeshuka," akasema Noelia. "Imeshuka vizuri. Hakuna sindano kwa sasa."

"Sema tena, bila hilo la mwisho."

"Kwa sasa, Don Crisanto. Utakuja tena."

Alikubali. Aliitazama miguu yake ikimtoa mlangoni, mmoja baada ya mwingine, na barabarani alimsalimu kila mtu, pamoja na mbwa wa padri mpya, ambaye ilisemekana padri alimfuga ili ajizoeze. Alipita dukani. Alifika nyumbani, akachochea jiko, akakigeuza kikaango.

Asubuhi hiyo upepo ulikuwa unavuma kuelekea kanisani. Kwenye kona, Ña Saturnina alikuwa akimkagua mama mmoja mwenye nyongo wakati pua yake ilipoinuka yenyewe. Alijua nyumba za mtaa ule kwa moshi wake kama vile wengine wanavyozijua kwa milango. Alimwacha yule mama na ulimi nje, akavuka barabara, akaingia kwa kompadre wake bila kubisha hodi.

Don Crisanto alikuwa ameketi mezani, mikono juu ya magoti. Jiko lilikuwa la buluu kwa moshi. Kikombe kimoja tu kilikuwa kimejazwa, nacho kilikuwa upande wa pili wa meza, mbele ya kiti cha ngozi cha Eulogia.

"Crisanto, umerukwa na akili? Jibu limetoka?"

"Limetoka. Imeshuka. Hakuna sindano."

"Na hii ni ya kuirudisha juu?"

"Hiyo ni ya kwako, komadre. Kaa. Mimi nanusa tu."

Ña Saturnina alikitazama kikombe, akakitazama kiti. Alikuwa na maneno, kama kawaida yake, yamejipanga nyuma ya meno, lakini hakuona lipi litangulie. Akaketi, si kwa kujibwaga kama alivyozoea, bali polepole, na kiti kikalia chini yake. Akanywa. Upande wa pili mzee alikuwa amefumba macho na kuinua kidevu, akivuta moshi kwa pua kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

"Ikoje?" akauliza, macho bado yakiwa yamefumbwa.

Ña Saturnina alikunywa tena, akaizungusha mdomoni jinsi anavyofanya na dawa.

"Umeichoma mno."

"Ndivyo alivyokuwa akiniambia kila siku."

Nje basi lilipiga honi, likasubiri, likaondoka. Ña Saturnina akamaliza kilichokuwa kikombeni, akakisukuma mezani kuelekea kwa kompadre wake ili kijazwe tena.

"Kesho tumia kaa la mchungwa," akamwambia. "Haliunguzi kwa pupa."